Istilahi ya Dai Lisilothibitishwa: Mfano wa Namba Tasa

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali mjini Dodoma hujifunza hisabati kwa Kiswahili, na afikapo sekondari huikuta kwa Kiingereza. Istilahi za namba anazoondoka nazo ni imara. Shufwa na witiri ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yanayosikika pia katika ibada ya Waislamu. Tasa ni neno la kila siku.

Maana ya tasa yaweza kuonyeshwa kwa mashamba ya mizabibu yanayouzunguka mji huo. Miche 12 hupangika katika safu 3 za miche minne minne, au safu 2 za miche sita sita. Miche 13 haina mpango ila safu moja tu. Namba kamili iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo namba tasa. (Jina hili lina kinaya chake: tasa ni asiyezaa, ilhali namba nyingine zote zilizo kubwa kuliko 1 huzaliwa kwa kuzidisha hizo tasa. 12 ni 2 × 2 × 3.)

Ugumu huanza pale mtu anapotaka kutaja jambo linaloonekana kuwa kweli ila halijathibitishwa. Tarehe 7 Juni 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua iliyo chimbuko la dai hili: kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Hivyo 28 ni 5 na 23, au 11 na 17. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2014 zilifika bilioni 4 mara bilioni moja, wala hazikukuta namba iliyoasi. Uthibitisho haujapatikana.

Je, dai hilo liitwe kanuni? Neno hilo limekwisha kupewa mambo yaliyothibitishwa, kama kanuni ya Pythagoras. Kuliita kanuni ni kumwambia mwanafunzi kwamba kazi imekwisha. Nadharia tete nayo, jinsi itumikavyo katika utafiti wa sayansi za jamii, hupimwa kwa data. Dai la Goldbach haliwezi kuthibitishwa kwa data, hata zikiwa nyingi namna gani. Tazama n² + n + 41. Ukianza na 0, majibu 40 ya mwanzo yote ni tasa. N ikiwa 40, jibu ni 1681, yaani 41 × 41.

Makala haya yanapendekeza kisio. Pingamizi lipo: makisio huashiria pia hesabu ya kukadiria tu, na mwalimu atalazimika kueleza tofauti hiyo ubaoni. Mzigo huo ni mwepesi kuliko ule wa neno kanuni, ambalo humnyima mwanafunzi hata sababu ya kuuliza.