Kabla ya Kununua Mashine, Uliza Atapandaje

Mdogo wangu wa Moshono, pole kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma hadi mwisho. Shemeji alianguka kutoka kwenye mparachichi mwaka jana, uti wa mgongo ukaumia chini ya kifua. Mikono ni mizima, miguu haina habari. Sasa ukoo umewachangia fedha, na kuna mtu mjini anawauzia mashine ya umeme ya kuzungusha miguu, anasema ndani ya miezi michache mishipa "itaamka". Unauliza mnunue au mwache.

Acheni kwanza. Mashine ya namna hiyo inaweza kusaidia viungo visikakamae, sibishi, lakini haiungi uti wa mgongo ulioumia. Anayekuuzia kutembea pamoja na mashine anakuuzia vitu viwili, na kimoja hakimo kwenye boksi.

Halafu muulize huyo muuzaji swali moja ambalo nataka wote mnaosoma kona hii mlishike: mgonjwa atapandaje? Kama ni kubebwa na watu wawili, mimi najua yatakayotokea. Wiki ya kwanza mashemeji wamejaa sebuleni. Wiki ya pili mmoja yuko shambani, mwingine kaenda Mererani kutafuta riziki, wewe mgongo unakuuma. Mwezi ukiisha mashine inaanikiwa nguo. Kifaa kizuri cha nyumbani ni kile ambacho shemeji atakifikia akiwa kwenye kiti mwendo chake, akakitumia bila kumwita mtu, na kikampa nguvu ya kuhama mwenyewe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti kwenda chooni. Hapo ndipo na wewe utapumua.

Kwa hiyo anza na tyubu ya baiskeli. Usicheke. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, mwombe tyubu kuukuu ambayo haijapasukapasuka. Ikate mahali pa vali ipate kuwa kamba ndefu, ioshe kwa sabuni itoke ule unga wa ndani, kisha ivute kwa nguvu ukiitazama kwenye mwanga. Ukiona nyufa, tupa, maana ikikatika usoni ni jicho. Ifunge kwenye nondo za dirisha, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi. Shemeji akae akitazama dirisha, breki zimefungwa na tofali liko mbele ya kila gurudumu kubwa, kwa sababu akivuta, kiti kitataka kuufuata mpira. Kama kiwiliwili kinayumba, mfunge kwa mkanda mpana kifuani kwenye egemeo la kiti, usimbane pumzi. Kisha avute viwiko kwenda nyuma polepole hadi mabega yakaribiane mgongoni, arudishe polepole vilevile. Mara 8 hadi 10, apumzike, arudie hadi seti 3. Ikiwa nyepesi, kunja tyubu mara mbili.

Kwa nini kuvuta na si kusukuma? Kwa sababu kusukuma anasukuma kutwa nzima. Ukikaa kwenye kiti mwendo huku kwetu kwenye vilima vya Meru, kila safari ya dukani ni kupanda au kushuka, na masika tope linashika magurudumu. Misuli ya mbele ya bega inachoka kwa kazi, ya nyuma inalala, mwishowe bega linauma. Na kwa mtu asiyetumia miguu, bega likiharibika ni kama kavunjika mguu.

Kifaa cha pili ni vibao viwili vya kujiinulia. Seremala atavichonga kwa dakika chache: viwe vipana chini visipinduke, kimo cha sentimita 10 hivi, juu pawe pa mviringo pa kushika. Aviweke kitandani, kimoja kila upande wa nyonga, ajiinue hadi makalio yaachane na godoro. Ndiyo mazoezi yenyewe ya kuhama. Ila asivitumie kutwa kupunguza mgandamizo, mabega yatalalamika. Akiwa kwenye kiti, kila nusu saa ainame mbele viwiko vikae magotini, abaki hivyo dakika 2, damu ipite makalioni. Na kwenye zile fedha za ukoo, mto mzuri wa kiti utoke kabla ya kifaa chochote cha mazoezi. Kidonda cha mgandamizo kikifunguka, mazoezi yote yanasimama kwa miezi.

Mkitaka kitu cha kumfanya aheme, mafundi wetu wanaweza. Wakate fremu ya baiskeli kuukuu sehemu ya pedeli, waichomelee juu ya meza ya chuma iliyo nzito, ekseli ya pedeli ikae chini kidogo ya usawa wa bega, na magoti yapite chini ya meza. Azungushe kwa mikono hadi afike pale ambapo anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 kwa watu walioumia uti wa mgongo unasema angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha mara 2 kwa wiki, pamoja na yale ya nguvu seti 3 kwa kila kundi kubwa la misuli inayofanya kazi, nayo mara 2 kwa wiki. Kwa ajili ya moyo na sukari, dakika 30 mara 3. Mnaona? Si kujitesa kila siku alfajiri kama askari.

Sasa fremu ya kusimamia, ambayo wengi mnaniulizia. Hiyo msiichonge kwa kukisia. Mtu ambaye hajasimama kwa miezi mingi, mifupa ya miguu yake imepungua nguvu na inaweza kuvunjika bila yeye kusikia maumivu. Pia akisimamishwa ghafla presha hushuka akazimia. Apimwe kwanza, vipimo vya goti na nyonga vitoke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ndipo fundi awashe moto. Kila akitoka humo kagueni ngozi. Wekundu usioondoka ndani ya nusu saa maana yake fremu inambana, isitumike hadi irekebishwe.

Hapo mtaniuliza, mtaalamu yupi? Walio Arusha waanzie hospitali ya mkoa ya Mount Meru, na wasiogope kupanda gari kwenda Moshi, ni kilomita 80 hivi. Hospitali ya KCMC iko pale tangu mwaka 1971, na ndani ya eneo lake kuna TATCOT, chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Moshi hiyohiyo kuna KASI, chama cha watu wa Kilimanjaro walioumia uti wa mgongo. Mimi ningemtuma shemeji huko hata kwa mazungumzo tu. Saa moja na mtu anayehama kitini mwenyewe kwa miaka kadhaa inamfundisha mengi kuliko mahubiri yangu.

Dada wa Ngaramtoni, wewe mwanao aliumia shingoni, kwako mambo ni tofauti kidogo. Mnamnyoosha vidole kila jioni vilale bapa huku kiganja kimekunjwa kwenda nyuma. Acheni leo. Kama kifundo cha mkono bado kinainuka, vidole vikiachwa vikaze kiasi, kila akiinua kifundo vinajifunga vyenyewe, na hapo anapata kushika kikombe au mswaki. Mkivilegeza, mshiko huo unapotea. Kifundo kikiinuliwa, vidole vikunjwe. Vidole vikinyooshwa, kifundo kiiname.

Tena kwa aliyeumia kifuani juu au shingoni: akiwa mazoezini, au hata amekaa tu, kichwa kikaanza kumgonga vibaya, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka usoni, hiyo ni hatari ya presha kupanda. Mketisheni wima, miguu ishuke, legezeni mikanda na nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umekunjika au kibofu kimejaa. Isipotulia upesi, hospitali, usiku au mchana.

Na baridi ya Julai isiwatie uvivu. Misuli hukaza zaidi asubuhi, kwa hiyo subirini saa 4 jua likishapata nguvu, mtoeni mgonjwa barazani afanyie mazoezi hapo. Mkilazimika kubaki ndani, mfunikeni miguu kwa blanketi, na jiko la mkaa likae mbali naye. Mguu usiosikia moto hauwezi kujiondoa, na wala yeye hatajua mpaka aone lengelenge.