Dondoo muhimu: Mshikeni mkono mwalimu wa kijijini

Tangu ada ifutwe katika shule za msingi za serikali Tanzania mwaka 2001, madarasa mengi yamefurika. Wazazi wanaweza kumpunguzia mwalimu mzigo:

• Makazi kwanza. Mwalimu mpya akiripoti, serikali ya kijiji imsaidie kupata chumba chenye mlango imara, karibu na shule na maji.

• Chakula cha mchana. Baada ya mavuno, changieni mahindi na maharage kupitia kamati ya shule. Kiasi kiandikwe na kisomwe mkutanoni. Mtoto mwenye njaa hafundishiki.

• Daftari kila jioni. Hata kama hujui kusoma, mwambie mtoto akueleze alichojifunza.

• Malalamiko yafuate ngazi. Anza na mwalimu mwenyewe, kisha mwalimu mkuu, halafu kamati. Usimfokee mbele ya wanafunzi.

• Mwalimu akiugua au kufiwa, nendeni kumwona. Ndugu zake huenda wako mbali.

• Shukrani isemwe. Oktoba 5 ni Siku ya Walimu Duniani. Barua fupi ya mtoto yatosha; zawadi isiwe ya kununulia alama.