Conficker: Kompyuta Yako Mikononi mwa Mwingine

Katika somo hili tunapenda kuzungumzia virusi vya kompyuta, na hasa aina moja ambayo wengi wetu huidharau kwa sababu haina kelele. Watu wengi hudhani kuwa kazi ya virusi ni kufuta mafaili tu. Mtu akiona mafaili yake yapo, husema kompyuta yangu ni nzima. Hilo si sahihi. Vipo virusi ambavyo havifuti chochote. Vinachotaka ni kuiteka kompyuta yenyewe, ili aliyevitunga aitumie akiwa mbali.

Kompyuta zilizotekwa namna hii, zikiwa nyingi chini ya bwana mmoja, huitwa botineti. Bwana huyo anaweza kuziamrisha zote kwa pamoja zitume barua pepe za utapeli, au ziilemee tovuti fulani mpaka isifunguke. Mwenye kompyuta hajui lolote, isipokuwa pengine huona mashine imekuwa nzito. Hivyo basi, uzembe wa mtu mmoja humdhuru mwingine asiyemjua kabisa.

Mfano tuliouchagua ni Conficker. Tarehe 23 Oktoba 2008 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu lililogunduliwa katika Windows. Wengi hawakukiweka. Mwezi mmoja haujatimia, Novemba 2008, ukatokea mnyoo uliopita katika tundu hilohilo. Tunauita mnyoo kwa sababu hujisambaza wenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kufungua chochote. Toleo lake la kwanza lilikuwa na jambo la ajabu: likikuta kompyuta yenye kibodi ya Kiukreni, huiacha. Watafiti wakajiuliza maswali mengi juu ya hilo.

Mwishoni mwa Desemba 2008 likaja toleo la pili, na hili lilijua kupanda juu ya flashi. Ukichomeka flashi, dirisha hufunguka likiwa na picha ya folda na maneno ya kukualika uone mafaili. Picha ile ilikuwa ya uongo: ukiibofya, unauendesha mnyoo. Vilevile toleo hili lilibahatisha maneno ya siri mepesi kama 123456. Kufikia Januari 2009 mamilioni ya kompyuta yalikuwa yameambukizwa, zikiwemo za Jeshi la Wanamaji la Ufaransa na za Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Kama wakubwa hao hawakusalimika, sembuse mashine ya kuchapia mitihani.

Sasa tuone watafiti walifanya nini. Waliufungua mnyoo na kuusoma amri kwa amri. Wakagundua kwamba kila siku huitazama tarehe, kisha kwa hesabu maalumu hutunga majina 250 ya tovuti na kuyajaribu, ukitafuta maagizo ya bwana wake. Bwana alihitaji kusajili jina moja tu kati ya hayo. Lakini hesabu ikishajulikana, hata mlinzi anaweza kuipiga! Watafiti wakatangulia kuyajua majina ya siku zijazo na kuyasajili wao. Mashine zilizotekwa zilipoita, zikajibiwa na kompyuta za walinzi, na hapo walinzi wakaweza kuzihesabu na kujua ziko nchi gani. Februari 2009 kundi lao lilitangazwa rasmi, likiwa na watu wa makampuni, vyuo vikuu na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti. Microsoft nayo ikaahidi dola 250,000 kwa atakayesaidia kukamatwa kwa watunzi.

Watunzi nao hawakulala. Toleo la Machi 2009 lilipangwa kutunga majina 50,000 kwa siku kuanzia tarehe 1 Aprili, yakiwa yametawanywa katika miishio ya nchi zaidi ya 100. Zaidi ya hapo, mnyoo haukubali agizo lisilo na muhuri wa siri wa bwana wake. Katika muhuri huo walitumia MD6, hesabu mpya ya Profesa Ron Rivest wa chuo cha MIT, na kosa lilipoonekana ndani yake na kusahihishwa, mnyoo nao ukasahihishwa. Kwa maoni yetu hili ndilo la kutisha zaidi: elimu yao haikuwa ndogo.

Tarehe 1 Aprili ilipita kimya, na wapo waliocheka. Siku chache baadaye baadhi ya mashine zilipokezana, zenyewe kwa zenyewe, programu ya kutuma barua pepe taka na nyingine ya kumtisha mtu kwamba ana virusi, ili alipe dola 49.95.

Mtu anaweza kuuliza: walinzi walizijua mashine zilizoathirika, kwa nini hawakuingia wakazisafisha? Jibu ni kwamba kompyuta ya mtu ni kama nyumba yake, haiingiwi bila hodi na idhini. Sheria za nchi nyingi zinakataza. Na huenda mashine hiyo iko hospitalini, ikazimika wakati mgonjwa anaitegemea. Kwa hiyo walinzi waliweza kumziba bwana mdomo kwa kiasi kikubwa, lakini mnyoo ulibaki ndani ya mashine, na miaka mingi baadaye mashine nyingi ziliendelea kuita.

Kusafisha basi ni kazi ya mwenye mashine. Dalili moja ya Conficker ilikuwa kwamba tovuti za kawaida hufunguka, lakini za makampuni ya kukinga virusi hazifunguki. Aliyeiona alilazimika kuchukua dawa na kiraka kwa kutumia kompyuta nyingine. Tangu 2011 masahihisho ya Windows yamezuia flashi kujiendesha yenyewe, ila bado kuna virusi vinavyojificha ndani ya faili na kungoja ulibofye. Wazazi wenye kompyuta moja inayotumiwa na watoto wengi wazingatie hili: kiraka kikitoka kiwekwe siku hiyohiyo, na ikiwa mashine imeambukizwa, itolewe kwenye mtandao kwanza, isafishwe, iwekwe kiraka, neno la siri libadilishwe, na flashi zote za nyumbani zipimwe kabla ya yoyote kuchomekwa tena. Flashi moja iliyosahauliwa kwenye mkoba wa shule yatosha kuurudisha ugonjwa jioni ileile.