Mzigo Wako Umelala Kwenye Kibanda cha Shambani? Soma Hii Kabla Hujalipia Bima

Somo la leo ni la wale ambao duka lao ni simu, lakini mzigo umelala kijijini.

Huku Nachingwea na Ruangwa tuko wengi. Fremu ya mjini ni gharama, kwa hiyo mtu anajenga kibanda kwenye shamba la familia, anaweka viatu, vitenge na vyombo, anapiga picha, anaposti. Oda ikiingia, bodaboda anapeleka mzigo stendi. Mimi pia nafanya hivyo. Shida ni kwamba mtaji wote uko chumba kimoja. Kiangazi watu wanachoma majani mashambani, na upepo ukigeuka, moto hauulizi kibanda ni cha nani. Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, tena katikati ya jiji. Sembuse shambani kwetu.

Bima ya moto ipo na kibanda kinaweza kukatiwa. Ila bima inalipa kilichoandikwa na unachoweza kukithibitisha. Kwa hiyo shika haya:

1. Kibanda na mzigo ni vitu viwili. Ukiandika jengo tu, viatu vikiungua ndani hulipwi. Taja jengo kwa thamani yake, mzigo kwa thamani yake. Kama umepanga tu, unaweza kukatia mzigo peke yake.

2. Sema kweli kuhusu ujenzi. Tofali na bati si sawa na miti, udongo na nyasi. Paa la nyasi ada yake huwa kubwa, na kampuni nyingine hukataa kabisa. Ukidanganya, siku ya madai mkaguzi atakuja kuona mwenyewe. Na kama unaweka petroli au unapikia humo ndani, sema.

3. Usishushe thamani ili ada iwe ndogo. Angalia hesabu hii. Mzigo wako ni wa milioni 4, wewe umeandika milioni 2. Moto umeunguza wa milioni 1. Ulikatia nusu, kwa hiyo wanaweza kukulipa nusu ya hasara, yaani laki 5. Hapo bado hawajatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe.

4. Uliza nini HAKIMO. Upepo mkali na mafuriko mara nyingi ni nyongeza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa kusini, barabara ya Dar kuja Lindi ikakatika Somanga. Mzigo ukiwa kwenye basi, bima ya kibanda haiuhusu. Wizi nao mara nyingi unalipwa pale tu mlango au dirisha limevunjwa. Uliza pia kibanda kikikaa bila mtu wiki kadhaa inakuwaje.

5. Weka karatasi ya ardhi sawa. Kwenye ardhi ya kijiji kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Kama shamba ni la baba au mjomba, andikianeni makubaliano kwamba kibanda na mzigo ni vyako, yapitie serikali ya kijiji. Muulize wakala anakubali karatasi gani.

6. Lipa sehemu sahihi. Kwa sheria ya bima ya 2009, kinga haianzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo "nitamalizia wiki ijayo" haikulindi. Mabenki mengi sasa yanauza bima, anzia hapo kama huna wakala unayemjua. Ukipewa hati, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mkishindwana kwenye madai, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Sasa hapa ndipo sisi wa mtandaoni tunawazidi wenye maduka. Ushahidi tunao tayari: picha za bidhaa zenye tarehe, meseji za malipo, risiti za Kariakoo. Kila mwisho wa mwezi hesabu mzigo, andika idadi na bei uliyonunulia (si ya kuuzia), piga video fupi ya kibanda ndani na nje. Vyote vitume kwenye barua pepe yako, maana simu nayo inaweza kuungua humo humo.

Moto ukitokea, okoa watu kwanza, piga 114 zimamoto, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Usifagie majivu kabla mkaguzi hajafika.

Kazi ya leo usiku: hesabu mzigo wako uandike jumla. Ukishaiona hiyo namba, jiulize ikipotea yote kesho utaanzia wapi. Halafu nenda kaulize bei ya ada. Kuuliza ni bure.

Mtumie na mwenzako mwenye kibanda. Biashara njema.