Jiliwa la Seremala

Katika wasomaji wetu wako mafundi, na wengine wana wana wao wanaojifunza useremala. Kijana ashikaye kipande cha mti kwa mkono wa kushoto na kukichonga kwa patasi kwa mkono wa kuume, huyo yu karibu kujikata kiganja. Mti ukiteleza, patasi haisimami. Kwa hiyo twasema, kabla ya kununua randa ya pili, mtafutieni jiliwa.

Lakini asinunue jiliwa la mfua chuma. Hilo husimama juu ya meza, taya zake ni fupi tena zina meno, na meno hayo huuharibu ubao wa mninga kwa mara moja. Jiliwa la seremala hufungwa ubavuni mwa meza, na taya zake ni pana, hazina meno. Taya za inchi 7 zatosha kwa viti na milango. Za inchi 9 ni bora, mwenye fedha akipenda. Zivikwe mbao laini zinazofika sawasawa na uso wa meza, huku chuma kikikaa chini kidogo, makali ya randa yasikiguse.

Atumiaye mkono wa kuume na alifunge upande wa kushoto, karibu na mguu wa meza, kwa maana randa husukumwa kuelekea huko, na penye mguu meza haitetemeki.

Liko neno moja ambalo wengi hawaliangalii. Parafujo i katikati. Basi ubao ukibanwa pembeni mwa taya, taya huenda mshazari. Ubao hulegea, fundi hukaza zaidi, hata huchomeka bomba katika mkono wa jiliwa apate nguvu, na mwisho chuma cha kutupwa hupasuka ghafula. Fedha imepotea, na dawa ilikuwa kipande cha mti tu! Tia pembe ya pili kipande chenye unene ule ule wa ubao, nazo taya zitakaza sawa.

Na asiye na fedha? Roubo, seremala wa Paris, aliyeanza kutoa kitabu chake cha useremala mwaka 1769, aeleza njia ambayo mhunzi wa kijijini aiweza. Ubao hulazwa juu ya meza, kigingi huuzuia mbele, na chuma kilichopindwa hutiwa katika tundu la meza na kupigwa nyundo kichwani, kikaukandamiza. Kukilegeza, hupigwa kisogoni.