Kumfunza Mtoto Kuizuia Nafsi na Kuwahurumia Wenziwe

Somo kwa wazee na walimu wa vyuo

Kila mtoto huzaliwa na matamanio na ghadhabu, wala hazaliwi na uwezo wa kuvitawala viwili hivyo. Uwezo huo huja pole pole, kwa mafunzo. Wako watoto waliokwisha kuihifadhi Juzuu Amma yote, na ndani yake mna Suratul Maun inayomlaumu amsukumaye yatima; na huku yatima ameketi nao jamvi moja, nao wamcheka kwa kanzu yake mbovu. Maneno yamekaa ulimini, moyoni hayajafika. Wazee wengi huona dawa yake ni bakora. Lakini bakora humzuia mtoto maadamu mwenye bakora yupo; akiisha kuondoka, nafsi hurejea pale pale. Linalotakikana ni mtoto ajizuie mwenyewe, na jambo hilo lina njia zake.

Njia ya kwanza ni kumshughulisha na jingine. Bibi Rubayyi binti Muawwidh, r.a., katika wanawake wa Kiansari wa Madina, amepokewa na Bukhari na Muslim akieleza walivyowafungisha watoto wao saumu ya Ashura. Waliwafanyia vitu vya kuchezea kwa sufi, na mtoto akililia chakula hupewa kitu kile, akacheza nacho mpaka wakati wa kufuturu. Hawakumwambia avumilie tu, bali waliuondoa moyo wake kwenye chakula. Walter Mischel na Ebbe Ebbesen, wataalamu wa elimu ya nafsi huko Stanford, Marekani, waliwaahidi watoto wadogo chakula wakipendacho zaidi iwapo wangengoja. Waliowekewa chakula mbele ya macho walishindwa upesi. Walioondolewa walingoja zaidi. Basi mwenye kuiacha halua wazi mezani, kisha akampiga mtoto kwa kuionja, amemtega mwanawe mwenyewe.

Njia ya pili ni kumtimizia ahadi. Abu Dawud amepokea kwa Abdullahi bin Amir kuwa, alipokuwa mtoto, mamake alimwita aje apewe kitu, na Mtume s.a.w. yumo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza yule mama amekusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Wako wanaodhani kuwa kumwongopea mtoto ni mchezo. Watoto 28 walijaribiwa huko Rochester, Marekani. Nusu yao waliahidiwa vitu vizuri vya kuchorea na wasipewe; nusu waliahidiwa wakapewa. Kisha wote wakaambiwa wangoje kitu kitamu. Waliovunjiwa ahadi walingoja kadiri ya dakika 3. Waliotimiziwa walingoja kadiri ya dakika 12. Mtoto aliyezoea kudanganywa hana sababu ya kusubiri: ameona kuwa kisichotwaliwa sasa hakiji tena. Subira yake imeharibiwa na ulimi wa baba.

Njia ya tatu ni mzee kuanza na nafsi yake. Mtume s.a.w. amefunza kuwa mwenye nguvu si yule awabwagaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na aliyekasirika hali amesimama akaamrishwa aketi, na ghadhabu isipomtoka alale. Baba akiyafanya hayo, mwanawe atayaona na kuyaiga. Amtukanapo hamali mbele ya mtoto, humfunza kutukana. Anas bin Malik, r.a., alimtumikia Mtume miaka 10 tangu utoto wake, wala hakuambiwa hata neno la kuchukiwa.

Ama huruma, mtoto huijua kwa kuhurumiwa. Nduguye Anas aliyekuwa mdogo, Abu Umair, alikuwa na kidege chake, kikafa. Mtume s.a.w. alipomwona ana huzuni, alimwuliza khabari ya kidege kile kwa upole. Mwingine angecheka, akasema ni ndege tu. Lakini mtoto ambaye huzuni yake ndogo husikilizwa ndiye atakayeisikiliza huzuni ya mwenziwe.

Kwa hiyo mtoto akimpiga mwenziwe, asiulizwe kwanza ni nani aliyeanza, kwani hapo hutafuta hoja. Na aulizwe mwenziwe aonaje sasa, na lau yeye ndiye aliyepigwa angeonaje. Kisha atengeneze alichokiharibu. Na mwezi wa Ramadhani, aliyejaribu kufunga nusu siku, na apewe yeye mwenyewe sahani ya futari aipeleke kwa jirani maskini. Njaa aliyoionja itamweleza yasiyoelezeka kwa maneno.

Maswali

1. Kwa nini bakora peke yake haimfunzi mtoto kujizuia?
2. Wanawake wa Kiansari waliwasaidiaje watoto wao kusubiri?
3. Baba avunjapo ahadi, huharibu nini katika moyo wa mwanawe?
4. Mzee na ajiulize: mara ya mwisho alipoghadhibika, mwanawe aliona nini?

Wabillahi taufiki.