Chakula cha Mbwa na Maradhi Sugu: Somo Kutoka Mitaa ya Nyamagana

Wafugaji wengi wa mbwa katika wilaya ya Nyamagana hawamnunulii mbwa chakula chake peke yake, humpa kilichobaki. Mkuyuni, Igogo, Butimba au Buhongwa, mbwa hupewa ukoko wa ugali, mchuzi uliosalia sufuriani, miiba ya sato, na mara mojamoja konzi ya dagaa. Wengine huletewa mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuondoa minofu. Tena pale ghalani mahindi yanapoota ukungu, mama wa nyumba huyachambua: meupe huwekwa kwa ajili ya watu, yaliyobadilika rangi husukumwa kando kwa ajili ya kuku na mbwa. Jambo hili la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, nami nitalirudia.

Mbwa anapokonda, au ngozi yake inapotoka magamba yasiyopona, au miguu ya mtoto wake inapopinda, kwa kawaida tunasema ni minyoo. Mara nyingi ni kweli, na mbwa mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Lakini yako maradhi sugu ambayo dawa ya minyoo haiyagusi, kwa sababu chanzo chake kimo katika sahani.

Je, mbwa si mla nyama?

Mwanafunzi aliyesoma biolojia ya kidato cha pili anaweza kuuliza kwa haki: mnyama mwenye meno ya kuraria kama yale ana shughuli gani na ugali? Jibu limepatikana hivi karibuni. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa Ulaya, yule ambaye ni wa ukoo mmoja na mbwa wetu. Mbwa mwitu huyo ana nakala 2 tu za jeni itengenezayo amilesi ya kongosho, kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwa wa nyumbani ana nakala kati ya 4 na 30. Kwa maneno mengine, mbwa aliyeishi karibu na mkulima kwa maelfu ya miaka alibadilika tumboni pia. Ugali uliopikwa humpa nguvu bila taabu. Tatizo si kwamba anakula ugali. Tatizo ni kwamba anakula ugali mtupu.

Hebu tufanye hesabu. Mbwa wa kilo 15, asiye na kazi nzito, huhitaji takriban kilokalori 850 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori zipatazo 360, hivyo gramu 235 za unga zinamtosha kwa nishati. Unga huo, tukichukua asilimia 8 kuwa protini, utampa gramu 19 hivi. Lakini kipimo kinachopendekezwa kwa mbwa mzima ni takriban gramu 45 za protini kwa kila kilokalori 1,000, yaani gramu 38 kwa mbwa wetu. Amepata nusu. Sasa tupunguze unga hadi gramu 195 na kuongeza gramu 40 za dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Hesabu inafika gramu 40 bila nishati kuzidi. Tofauti kati ya mbwa anayedhoofika mwaka hadi mwaka na mbwa mwenye afya ni konzi moja ya dagaa. (Dagaa walioanikwa mchangani waoshwe kwanza; mchanga husaga meno ya mbwa kama unavyosaga ya kwetu.)

Ulimi mweusi, matege na magamba

Mahindi yana kasoro nyingine iliyojificha. Vitamini iitwayo niasini imo ndani yake, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua, na asidi ya amino ya triptofani, ambayo mwili ungeweza kuigeuza kuwa niasini, ni haba katika mahindi. Mapema katika karne ya 20, maelfu ya watu maskini wa kusini mwa Marekani walioishi kwa mahindi walipata pelagra: ngozi kubabuka, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Wakati huohuo mbwa wao walikuwa wakifa kwa ugonjwa ulioitwa ulimi mweusi. Daktari Joseph Goldberger alitambua kwamba magonjwa hayo mawili ni mamoja. Tangu hapo mbwa akawa njia ya kuutafuta mzizi wa ugonjwa wa binadamu, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akaonyesha kwamba asidi ya nikotiniki, iliyopatikana katika ini, huponya ulimi mweusi. Pelagra nayo ikapata tiba.

Habari ya matege inafanana na hiyo. Karibu na mwaka 1919, mjini London, Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa uji wa shayiri huku wamefungiwa ndani, nao wakapinda miguu. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, wakapona. Kutokana na kazi hiyo na ya wenzake ikagunduliwa vitamini D. Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: ngozi ya mtu hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, lakini ngozi ya mbwa haitengenezi kiasi cha kumtosha. Jua lote la Mwanza haliwezi kumwokoa mtoto wa mbwa asiyepata samaki, ini au yai. Wala nyama tupu haimfai, kwa kuwa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mwili hulipa deni hilo kwa kuichota kalsiamu mifupani, na mifupa hubaki laini. Ndiyo maana dagaa, ambaye huliwa na mifupa yake, ni chakula bora kuliko mnofu ghali wa sangara. Samaki na apikwe, lakini. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na mbwa anayelishwa hao siku zote huishia kuyumba na kudondoka. Moto hukiua kimeng'enya hicho.

Kuhusu magamba: pumba za mahindi zina fitati, ambayo hukamata madini ya zinki na kuyazuia yasifyonzwe. Mbwa, hasa mchanga, anayelishwa pumba kwa wingi hutokwa na magamba magumu kuzunguka macho, mdomo na viwiko. Watu humpaka oili chafu ya gari. Tabia hii ni mbaya, maana mbwa huilamba.

Mahindi ya kando

Sasa turudi ghalani. Ukungu uitwao Aspergillus flavus hustawi kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, nao hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo sisi huiita sumukuvu. Sumu hiyo ilipata jina baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Lakini mbwa walikuwa wametangulia. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa mifugo wa kusini-mashariki mwa Marekani walikuwa wakiona mbwa wakifa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana chanzo. Baadaye ikabainika kuwa ni sumu hiyohiyo. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kutokana na vyakula vilivyohifadhiwa vibaya.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi zaidi. Sumukuvu inapofika ini hugeuzwa kuwa kemikali kali inayong'ang'ania protini na jeni za seli. Mwili huizima kwa kutumia glutathioni, na mbwa ana akiba ndogo ya glutathioni. Akiba hiyo hutengenezwa kutokana na asidi za amino zenye salfa. Kwa hiyo mbwa wa ugali mtupu tuliyempigia hesabu hapo juu ndiye mwenye ngao nyembamba zaidi, naye ndiye anayepewa mahindi ya kando.

Dozi kubwa huua kwa siku chache. Dozi ndogo za kila siku ndizo ninazozihofia zaidi, kwa kuwa hazipigi kelele. Mbwa hupoteza hamu ya kula, hukonda, manyoya hupoteza mng'ao. Miezi ikipita ini hujaa makovu. Ini lililochakaa haliwezi kutengeneza protini ya albumini, inayoshikilia maji ndani ya mishipa, basi tumbo huvimba kwa maji. Haliwezi kutengeneza protini za kugandisha damu, basi kidonda kidogo huvuja sana. Macho na ufizi huwa manjano. Mwenye mbwa husema mbwa wake amezeeka akiwa na miaka 4.

Kupika hakusaidii. Ugali huchemka kwenye nyuzi 100 hivi za sentigredi, na sumukuvu huvumilia joto la juu sana kuliko hilo. Kuchambua kunasaidia, lakini si kikamilifu, kwa sababu punje inayoonekana safi yaweza kuwa na sumu ndani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki katika mahindi ya watu ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 kati yao wakafariki. Huko Kenya, mwaka 2004, waliofariki walikuwa 125. Wala kuwasukumia mifugo hakuiondoi sumu nyumbani: ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo huitoa sehemu yake katika maziwa. Mahindi yaliyooza hayana mlaji. Yafukiwe.

Neno fupi juu ya mbwa wa matajiri, ambao nao wapo Isamilo na Capri Point. Maradhi yao ni ya kinyume. Mwaka 2002 nchini Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatiliwa maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Waliopunjwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Pitisha vidole ubavuni mwa mbwa: mbavu zihisike bila kubonyeza, lakini zisionekane kwa mbali.

Jaribio la darasani

Chukua chupa safi na kavu ya mililita 750 yenye kifuniko. Ijaze mahindi hadi theluthi, kisha tia vijiko vikubwa 2 au 3 vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Funga, tikisa kwa dakika moja, uiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Yaanikwe tena, juu ya turubai wala si ardhini, hadi yafikie asilimia 13 hivi. Kila mwanafunzi alete mahindi ya nyumbani kwao na ya kando pia, kama yapo. Mwalimu aeleze wazi kwamba chupa hii hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyoota ukungu mwezi uliopita na kuanikwa leo yatafaulu jaribio hili, na bado yatamdhuru mbwa.